SURUALI YA JINZI IKICHAKAA, USIITUPE

Ndugu msomaji, tazama kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwako. Huenda utaona suruali ya jinzi. Pengine ni ya baba, au ya kijana, au ya binti. Siku hizi jinzi imeingia kila nyumba. Mkulima huivaa shambani. Dereva wa bodaboda huivaa barabarani. Fundi gereji huivaa kazini.

Sasa jiulize: suruali hiyo ikitoboka magoti na kuchanika makalio, inakwenda wapi? Mara nyingi inatupwa kona ya nyumba. Panya wanazaa humo. Halafu inapelekwa jalalani, au inatupwa mferejini, au inachomwa moto.

Hiyo ni hasara. Suruali haichakai yote kwa mara moja. Inachakaa magotini, makalioni na kwenye pindo la chini. Sehemu nyingine ya kitambaa bado ina nguvu. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vivyo hivyo, kutoboka kwa suruali si mwisho wa kitambaa.

Katika makala hii utajifunza jinzi ni kitu gani, hasara ya kuitupa, na jinsi ya kuitengeneza iwe mfuko wa sokoni na kapu la kupikia. Mwishoni tutafanya hesabu pamoja.

JINZI NI KITAMBAA CHA NAMNA GANI?

Jinzi ya kweli ni pamba. Ni pamba ileile inayolimwa Shinyanga, Simiyu, Mwanza na mikoa mingine ya Ziwa, na ambayo imelimwa pia katika mkoa wetu wa Morogoro, upande wa Kilosa.

Chukua suruali ya jinzi uitazame kwa karibu. Utaona mistari midogo inayopita mshazari. Ufumaji huo ndio unaofanya kitambaa kiwe kizito na kigumu kuchanika.

Sasa igeuze ndani nje. Ndani ni nyeupe kuliko nje. Sababu ni hii: nyuzi za urefu hutiwa rangi ya nili kabla ya kufumwa, lakini nyuzi za upana huachwa nyeupe. Tena nili haiingii mpaka katikati ya uzi. Inabaki juu juu. Ndiyo maana jinzi hupauka kila inapofuliwa na kusuguliwa.

Nguo hii ilianza kama nguo ya kazi. Mwaka 1873 huko Marekani, watu wawili, Levi Strauss na Jacob Davis, walipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wao. Walitia vijisumari vya shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali ili isichanike. Waliovaa suruali hizo walikuwa wachimba madini na vibarua. Vijisumari hivyo unaviona mpaka leo.

Nili si ngeni kwetu. Bibi zetu walivaa kaniki, kitambaa cha pamba chenye rangi ya nili iliyokolea. Vilevile walivaa marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kilipata jina hilo kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa na meli za Wamarekani mpaka Unguja, kikapelekwa bara na misafara. Wazee hao hawakutupa kitambaa. Kaniki ikichakaa ilikuwa nguo ya shamba. Ikichakaa zaidi ilikuwa mbeleko au tambara. Kwa hiyo jambo tunalolieleza hapa si geni. Ni akili ya wazee wetu.

JINZI ZETU ZINATOKA WAPI?

Jinzi nyingi tunazovaa ni mitumba. Zimevaliwa kwanza na watu wa nchi nyingine, zikafungwa marobota, zikaletwa kwa meli.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Uhuru nchi yetu ilijenga viwanda vya nguo. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968. Mji wa Morogoro nao ulipata viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo katika miaka ya 1970 na 1980. Baadaye viwanda vingi nchini vilikwama. Vingine vilifungwa, na vingine viliuzwa kwa watu binafsi. Biashara ya nje ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikaingia kwa wingi.

Mwaka 2016 viongozi wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka iishe mwaka 2019. Shabaha ilikuwa kulinda viwanda vyetu. Marekani ilipinga, ikasema nchi hizo zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa zake huko bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 Marekani iliisimamishia nafasi hiyo kwa nguo zake.

Mitumba ina faida na ina hasara. Inamvisha mwenye kipato kidogo, na inawapa watu wengi kazi ya kuuza. Lakini nguo iliyokwisha kuvaliwa huchakaa mapema. Kwa hiyo nchi inayopokea mitumba inapokea pia kazi ya kuitupa. Mvaaji wa kwanza yuko mbali. Taka inabaki kwetu.

HASARA YA KUTUPA

Hasara ya kwanza ni maji. Pamba inahitaji maji kukua. Kiwanda kinahitaji maji kutia rangi na kufua. Umoja wa Mataifa umetoa hesabu kwamba suruali moja ya jinzi hutumia kiasi cha lita 7,500 za maji mpaka imfikie mnunuzi. Tuigeuze hesabu hiyo iwe ndoo. Ndoo moja ni lita 20. Basi ni ndoo 375. Nyumba inayotumia ndoo 5 kwa siku ingeweza kutumia maji hayo siku 75. Hayo yote yamekwenda kwenye suruali moja.

Hasara ya pili ni mifereji na mito. Tambara halielei kama jani. Linanasa. Likinasa kwenye kalavati, matope na chupa hunasa juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayana njia. Yanaingia majumbani.

Sisi wa Morogoro tuna sababu zaidi ya kuangalia jambo hili. Mito yetu inatoka milima ya Uluguru. Mto Ngerengere unapita bwawa la Mindu, ambalo huupa mji wa Morogoro maji. Kutoka huko unakwenda kuungana na mto Ruvu. Nao Ruvu ndio unaowapa maji watu wengi wa Dar es Salaam na Pwani. Taka inayotupwa mferejini hapa inaweza kuanza safari ndefu.

Hasara ya tatu ni moshi. Watu wengine huchoma nguo kuukuu. Nguo nyingi za siku hizi zimechanganywa na nyuzi za plastiki. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu, hasa ya watoto na wazee. Usichome nguo jikoni, wala usiitumie kuwashia moto wa kupikia.

Hasara hii ni ya dunia nzima. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linasema kwamba duniani kote, kila sekunde moja, nguo zinazojaza lori moja zinafukiwa au kuchomwa. Hesabu sekunde kumi. Malori kumi yamekwisha.

KWA NINI KIHONDA?

Kihonda iko kaskazini ya mji wa Morogoro, ukitoka Msamvu kufuata barabara ya Dodoma. Ukisimama Kihonda na kutazama kusini, unaiona milima ya Uluguru imesimama mbele yako. Hapa mji unakutana na mashamba. Kuna eneo la viwanda, na kuna gereji. Kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Kuna mafundi cherehani wanaokaa barazani na kuziba viraka.

Mahali kama hapa pana vitu vitatu vinavyohitajika. Kwanza, nguo kuukuu zipo. Pili, mafundi wapo. Tatu, wanunuzi wapo, kwa sababu barabara kuu ya Dodoma inapita, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro.

Lakini hata kama wewe unakaa kijijini, Matombo, Mgeta au Mvomero, usiseme kwamba jambo hili ni la watu wa mjini. Sindano ya mkono inatosha kuanzia.

KWANZA CHAGUA NGUO

Si kila kitambaa cha buluu ni pamba tupu. Kuna njia tatu za kutambua.

Njia ya kwanza ni kusoma. Ndani ya kiuno cha suruali kuna kitambaa kidogo chenye maandishi. Tafuta neno COTTON. Hilo ni neno la Kiingereza, na maana yake ni pamba. Mbele yake kuna namba. Ikiwa ni 100, suruali ni pamba tupu. Ikiwa ni 98 au 70, imechanganywa. Unaona faida ya kujua kusoma!

Njia ya pili ni kuvuta. Shika kitambaa kwa mikono miwili ukivute kwa upana. Kikivutika na kurudi kama mpira, kimechanganywa. Kitambaa hicho hakifai kwa mfuko wa kubeba mzigo, kwa sababu kitalegea. Lakini kinafaa kujazia mto.

Njia ya tatu ni moto. Fumua uzi mmoja tu. Ushike kwa koleo juu ya bakuli la maji, mbali na watoto na mbali na nguo nyingine. Uwashe. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha majivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi.

OSHA, FUMUA, PANGA

Nguo kuukuu isikatwe kabla ya kufuliwa. Iloweke katika maji ya moto yenye sabuni. Fua, suuza, anika juani mpaka ikauke kabisa. Jinzi nyeusi au ya buluu iliyokolea hutoa rangi, kwa hiyo ifue peke yake. Kisha piga pasi.

Halafu fumua. Tumia wembe au mkasi mdogo wenye ncha. Kata uzi wa mshono, usikate kitambaa. Anza na mshono wa ndani wa miguu. Mguu ukifumuliwa upande mmoja, hufunguka ukawa kipande kipana. Hicho ndicho kitambaa chako kikubwa.

Usitupe kitu. Panga mafungu manne:

Fungu la 1: vipande vikubwa na vizima vya miguu. Ni vya mifuko.

Fungu la 2: mifuko ya nyuma, zipu na vifungo. Hivi dukani vinauzwa fedha. Wewe unavyo tayari.

Fungu la 3: viuno na mishono minene. Ni migumu, inafaa kuwa vishikio.

Fungu la 4: vipande vidogo na vilivyotoboka. Ni vya kujazia.

MFUKO WA SOKONI

Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Tanzania Bara. Tangu hapo watu wanakwenda sokoni na vikapu au wananunua mifuko mbadala. Mingi ya mifuko hiyo ni myepesi. Ukiweka viazi kilo tano, mkono unang'oka njiani. Mfuko wa jinzi unabeba viazi hivyo, na ukichafuka unafuliwa.

Suruali moja ya mtu mzima inatosha mfuko mmoja. Fuata hatua hizi.

1. Kutoka sehemu ya juu ya kila mguu, kata kipande kimoja chenye upana wa sentimita 34 na urefu wa sentimita 40. Utapata vipande 2. Hivi ni mbele na nyuma ya mfuko. Epuka mahali palipotoboka.

2. Kutoka sehemu ya chini ya kila mguu, kata vipande 2 vya upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 34. Utapata vipande 4. Viunge viwili viwili kwa urefu. Sasa unayo mikanda 2, kila mmoja kiasi cha sentimita 65.

3. Kunja kila mkanda mara nne kwa upana, ubaki na upana wa sentimita 2. Shona kingo zote mbili.

4. Chukua mfuko mmoja wa nyuma wa suruali. Ushone mbele ya kipande kimoja. Hapo patawekwa fedha au simu.

5. Weka vipande viwili vya mwili, nje kwa nje. Shona pande mbili na chini, ukiacha sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Rudia mshono mara ya pili. Mshono mmoja hautoshi kwa mzigo.

6. Kunja ukingo wa juu kuelekea ndani, kiasi cha sentimita 3 na nusu. Ingiza ncha za mikanda chini ya pindo hilo. Shona kuzunguka. Kwenye kila ncha ya mkanda shona mraba, halafu pitisha mshono kutoka pembe hadi pembe.

7. Geuza mfuko. Umemaliza.

Mfuko huo utakuwa na upana wa sentimita 31 na urefu wa sentimita 35 hivi. Mwanafunzi anaweza kuutumia kwa madaftari yake.

Fundi wa cherehani azingatie mambo haya. Tumia sindano namba 16 au 18. Sindano nyembamba itavunjika. Tumia uzi imara. Ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 au 4. Mahali ambapo mishono inakutana pawe pamegongwa kwanza kwa nyundo ili palainike. Hapo zungusha gurudumu kwa mkono, polepole.

KAPU LA KUPIKIA

Sasa tuzungumze juu ya fungu la 4, yaani vipande vidogo. Wengi hudhani hivi ni uchafu. Sivyo. Vinaweza kupunguza mkaa jikoni kwako.

Chakula kikishachemka, hakihitaji moto mwingi tena. Kinahitaji joto lisitoke. Kapu la kupikia linashika joto hilo. Nguo iliyokatwakatwa ina hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ni sawa na blanketi usiku wa baridi. Blanketi halina moto, lakini linazuia joto lako lisiondoke.

Tengeneza hivi. Tafuta kapu pana lenye kina, na sufuria yenye mfuniko unaobana. Kata vipande vya nguo viwe vidogo kama kidole. Shona mto wa kuweka chini ya kapu, mto mrefu wa kuzungushia pembeni, na mto wa kufunika juu. Ijaze mito hiyo vipande vya nguo, lakini usishindilie. Kila mto uwe na unene wa sentimita 10 hivi. Sufuria ikae katikati kama yai ndani ya kiota.

Kupika ni hivi. Kwa wali, acha uchemke dakika 5 hivi, funika, weka ndani ya kapu kiasi cha saa 1. Kwa maharage, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika 30, halafu weka ndani ya kapu saa 3 hadi 4. Yakiwa bado magumu, yarudishe motoni. Usiweke maharage ndani ya kapu bila kuyachemsha vizuri kwanza. Maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo.

Zingatia mambo manne. Usifunue kapu kila mara, joto litatoka. Futa masizi ya sufuria kabla ya kuiingiza. Usiweke kapu karibu na jiko linalowaka, kwa kuwa nguo inashika moto. Na chakula kikiwa kimekaa muda mrefu, kipashe moto mpaka kichemke kabla ya kula.

Mkaa mwingi unaotumika mjini hutoka katika misitu ya mkoa wetu. Misitu ndiyo inayolinda vyanzo vya maji. Kwa hiyo suruali kuukuu ndani ya kapu inakulinda mara mbili. Inalinda fedha yako, na inalinda chemchemi.

VITU VINGINE

Usiishie kwenye mfuko na kapu. Kipande kimoja cha mguu kinatosha kiraka cha magoti kwenye suruali ya shamba. Kitie kwa ndani na kwa nje, magoti hayatatoboka upesi. Vipande viwili vinatosha vishikio vya sufuria ya moto. Miguu iliyokatwa vipande virefu vyembamba na kusukwa kama ukili hutoa mkeka wa kufutia miguu mlangoni. Apron ya fundi seremala, ala ya panga, mfuko wa misumari: vyote hivyo jinzi inafaa.

Matambara yaliyo safi na yasiyo na zipu hununuliwa na mafundi gereji kwa kufutia mafuta. Hapa angalia jambo moja. Tambara lenye mafuta lisitupwe mferejini wala lisirundikwe karibu na moto.

Nchi nyingine hufanya kazi hii kwa mashine. Kule Batley, Uingereza, mwaka 1813, Benjamin Law alianza kuchambua matambara ya sufu yakawa nyuzi tena, yakafumwa nguo mpya. Mji wa Prato huko Italia na mji wa Panipat huko India imejulikana kwa kazi kama hiyo mpaka siku zetu. Marekani nako, tangu mwaka 2006, jinzi kuukuu hukusanywa na kugeuzwa kuwa mablanketi mazito ya kutia ndani ya kuta za nyumba ili zishike joto. Ni elimu ileile ya kapu lako, ila wao wanaitumia kwa nyumba nzima.

TUFANYE HESABU

Kazi isiyo na hesabu ni mchezo. Bei tunazotaja hapa ni mfano tu. Wewe weka bei za kwenu.

Tuseme suruali kuukuu unainunua shilingi 1,000. Uzi na sindano ni shilingi 300 kwa kila mfuko. Sabuni na nauli ni shilingi 200. Jumla ni shilingi 1,500.

Tuseme unauza mfuko shilingi 4,000. Toa 1,500. Unabaki na shilingi 2,500. Hiyo ni malipo ya kazi yako.

Sasa unataka cherehani ya shilingi 300,000. Gawanya 300,000 kwa 2,500. Jibu ni 120. Yaani itakubidi uuze mifuko 120. Ukiuza mifuko 10 kwa wiki, utafika baada ya wiki 12.

Lakini wanunuzi wakikataa bei ya 4,000, ukauza 3,000, unabaki na 1,500 tu. Basi utahitaji kuuza mifuko 200, yaani wiki 20. Kwa hiyo usikimbilie mkopo kabla ya kujua bei ya soko. Shona mifuko mitano kwanza. Ipeleke sokoni. Sikiliza wanunuzi wanasema nini. Mfuko mbadala mwepesi utakuwa na bei ndogo kuliko wako. Wewe huwezi kushindana nao kwa bei. Shindana nao kwa uimara. Mwonyeshe mnunuzi mshono ulioshonwa mara mbili. Mwambie ajaze viazi aunyanyue.

FANYENI KWA KIKUNDI

Mtu mmoja anaweza kufanya kazi hii. Lakini kikundi kinafanya vizuri zaidi. Mmoja anakusanya nguo, mwingine anafua, mwingine anafumua, fundi anashona, mwingine anauza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kikundi kiandike daftari. Upande mmoja fedha zilizoingia, upande mwingine zilizotoka. Daftari lisomwe mbele ya wote kila wiki. Vikundi vingi havifi kwa kukosa kazi. Vinakufa kwa kukosa daftari.

Kwa ujuzi wa kushona, ulizeni katika vyuo vya VETA. Kwa ushauri wa biashara ndogo, ulizeni SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Kwa mtaji, muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inaziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Mkopo si zawadi. Unarudishwa, ili na wengine wapate.

KAZI KWETU

Ndugu msomaji, si lazima usubiri kiwanda. Si lazima usubiri mgeni aje na mashine. Wiki hii tafuta suruali moja iliyochakaa nyumbani kwako. Ifue. Ifumue. Panga mafungu manne. Pima kwa futikamba. Ukikosea kipande kimoja, kitaingia fungu la kujazia, hakitapotea.

Waonyeshe na watoto. Mtoto anayejifunza kuziba kiraka hujifunza pia thamani ya kitu. Akiba haiozi.

MASWALI YA KUJADILI

Someni makala hii pamoja darasani au kwenye kikundi, kisha jadilianeni:

1. Nguo kuukuu katika mtaa au kijiji chenu zinatupwa wapi? Zimewahi kuziba mfereji?

2. Kwa nini ndani ya jinzi ni nyeupe kuliko nje?

3. Mnatumia mkaa au kuni kiasi gani kupika maharage? Jaribuni kapu la kupikia, halafu linganisheni.

4. Fanyeni hesabu ya mfuko mmoja kwa bei za kwenu. Mtabaki na shilingi ngapi?

5. Nani katika kikundi chenu ataandika daftari, na nani atalikagua?